Punda wa Lamu: tupime DNA au tuhesabu madume?

SWALI: Daktari asalaam aleikum. Mimi niko Langoni, Lamu, nina punda wanne wa kubeba mchanga na mawe ya ujenzi. Tuko na kikundi cha wenye punda, na baadhi yetu pia tuna kitalu cha mikoko. Juzi amekuja kijana wa mradi akatwambia utofauti wa jenetiki, yaani tofauti za kurithi kati ya viumbe vya aina moja, unashuka dunia nzima na ati nchi zimekubali kuupima, kwa hivyo tutoe nywele za punda zikapimwe DNA. Kuna mwenzetu punda wake wawili mwaka huu wamezaa watoto wa taya la chini fupi, meno hayakutani, na watu wanasema ni damu moja hiyo. Sasa nauliza, DNA ndo njia ya pekee? Sisi wenyewe hatuwezi kupima kitu? Na mikoko nayo ina mambo haya ama ni wanyama tu? Shukran.

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Jibu la haraka ni hapana, DNA si njia ya pekee, na kwa kikundi chenu wala si ya kwanza. Ya kwanza ni daftari. Najua hapo utasema daktari anatuonea, watu wa mradi wanapata maabara sisi tunapewa daftari, lakini hebu nisikize kwanza alafu hizo nywele tutazirudia.

Kijana hakuwadanganya. Disemba 2022 nchi zilikutana Montreal, Kanada, zikapitisha mpango mpya wa dunia wa bayoanuwai, yaani wa kutunza viumbe hai vya kila aina, na ndani ya lengo la kwanza kabisa wakaandika kwamba utofauti wa jenetiki wa viumbe vya porini na vya kufugwa utunzwe. Kabla ya hapo malengo yaliyokuwepo yalitilia mkazo zaidi mifugo na mazao na jamaa zao wa porini, wanyama wa porini wengine walikuwa kama wamesahaulika kwa upande huu. Lakini kiashiria kikuu walichokubaliana ndo hicho watu hawakisomi vizuri: kinauliza, katika makundi yote ya kiumbe fulani, ni sehemu gani ina idadi faafu inayozidi 500. Basi. Hakuna mahali kinasema lazima upitie maabara, na nchi inaruhusiwa kukadiria kwa hesabu ya vichwa kama haina DNA.

Sasa hiyo idadi faafu ndo roho ya mambo yote, wataalamu wanaiandika Ne. Si idadi ya punda unaowaona wakipita pale kwenye barabara ya bahari jioni. Ni wale wanaopitisha damu kwenda kizazi kinachofuata, na imerekebishwa kulingana na madume na majike walivyo. Kuna hesabu yake ya zamani iko rahisi, hata kwa simu unaipiga: zidisha madume wanaozalisha kwa majike wanaozaa, zidisha tena kwa 4, alafu gawanya kwa jumla ya madume na majike hao. Chukua majike 200 na madume 5. Punda 205 hao wakikupitia kwenye kichochoro ujibanze ukutani, lakini hesabu inakupa 19.5. Yaani kwa upande wa damu una punda ishirini tu. Sasa ongeza majike wengine 200 uwe nao 400 na madume wale wale watano, unapata 19.75. Umeongeza majike mia mbili na hujapata hata nusu punda! Rudi kwa majike 200 lakini madume wawe 20, inaruka mpaka karibu 73. Ndo maana mimi mtu akiniambia wanyama wetu ni wengi hakuna shida, swali langu ni moja, madume wangapi?

Na ukitaka kujua hasara ya utofauti, zidisha Ne kwa 2, alafu gawanya 1 kwa jibu hilo. Kwa wale ishirini unapoteza kama asilimia 2.5 kila kizazi, kwa wale 73 ni chini ya asilimia 0.7. Kwa mifugo, kiwango ambacho FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, inakitaja kama sakafu ni Ne ya 50, ambayo ni hasara ya asilimia 1 kwa kizazi, chini ya hapo si pazuri. Ile 500 ni ya muda mrefu, ili kundi liwe na akiba ya kujibadilisha mambo yakibadilika, na nambari hizo mbili zinatumika tangu 1980 japo wataalamu wanazozana mpaka leo kama zitoshe ama ziongezwe.

Lakini tahadhari, hesabu hii inachukulia kwamba kila dume ana bahati sawa. Na wewe wajua punda wa Lamu wanavyoachiliwa jioni, wanazurura, dume mmoja mkubwa mwenye fujo anawapanda wengi na wengine wanabaki kuangalia. Kwa hivyo Ne yenu ya kweli itakuwa chini ya ile daftari itakayowapa. Porini ni vivyo hivyo, ndo maana pale ambapo hakuna habari nyingine kawaida huchukuliwa kwamba Ne ni kama sehemu moja ya kumi ya wakubwa waliohesabiwa, kwa hivyo kufikia 500 wanatakikana wakubwa kama 5,000.

Hapo fikiria hirola, yule swala jirani yenu huko upande wa Ijara. Hirola wote duniani wamebaki chini ya 500. Huhitaji DNA kujua hawajafika kwenye kile kiashiria, hata kila mmoja wao angezaa. Na tena dume mmoja wa hirola anashikilia kundi lake la majike peke yake. Mwaka 2012 pale kwenye hifadhi ya Ishaqbini walizungushia ua eneo wakawaweka hirola 48 ndani, fisi na simba wasiwafikie. Watu huuliza, 48 si wachache mno? Kwa kuanzia si vibaya hivyo, kama wote wangezaa sawasawa kule kuanza na 48 kunakula kama asilimia 1 tu ya utofauti. Kinachoumia ni zile aina adimu za jeni, tunaziita aleli. Aleli ambayo iko asilimia 5 kwenye kundi la zamani karibu kila mara itaingia ndani ya ua. Lakini ile iliyo asilimia 1 tu ina uwezekano wa kama asilimia 38 kwamba haikupata hata mnyama mmoja wa kuibeba, imebaki nje. Na pengine hiyo ndo ingewasaidia na ugonjwa fulani miaka hamsini ijayo, hakuna ajuaye. Kwa hivyo tunaangalia vitu viwili, kundi lilianza na wangapi na lilikaa dogo muda gani, na cha pili ndo kinaua zaidi.

Turudi kwa punda. Daftari liwe hivi, kila punda mstari mmoja, jinsia, mwaka aliozaliwa hata kama ni wa kukisia, mama yake ni nani, baba anayeshukiwa, na kama amenunuliwa basi ametoka wapi, Mokowe, Witu, Pate, ama ng'ambo ya Ijara. Aliyehasiwa aandikwe amehasiwa, msimweke kwenye hesabu ya madume manake hapo ndo watu hujidanganya, wanasema tuna madume arobaini kumbe thelathini walishahasiwa zamani. Piga picha pande zote mbili, na picha moja ya juu inayoonyesha ule mstari mweusi wa mgongoni unavyokatwa na mwingine mabegani, kwa sababu urefu wake na upana wake hutofautiana punda kwa punda, na mistari ya miguuni pia kwa wale walionayo. Ukiwa na picha hizo mtu hawezi kuhesabu punda mmoja mara mbili. Mwisho wa mwaka mnakaa, mnahesabu watoto waliozaliwa, waliokufa, waliouzwa, na madume wangapi bado wanapanda. Hiyo tayari ni ufuatiliaji kamili, na nchi nzima ingekuwa na madaftari kama hayo tungekuwa mbali.

Ile safu ya ametoka wapi msiidharau. Kisiwa kinachoingiza punda kutoka bara hakiko peke yake kidamu, hata wachache tu wakija na wakazaa kila kizazi, damu haiachani sana na ya bara. Lakini mgeni asiyezaa hesabu yake ni sufuri. Huku kwetu upande wa Malindi kuna paka wa Sokoke, wale wa madoadoa kama gome la mti. Mwaka 1978 mama mmoja wa Watamu, Jeni Slater, alichukua paka wachache akaanza kuwafuga, wakapelekwa mpaka Denmark, na paka wa aina hiyo huko ng'ambo wakawa wanatokana na wale wachache. Baadaye wafugaji wenyewe ikabidi warudi huku pwani kutafuta paka wapya wa kuongeza damu. Walikuwa na bahati kwamba huku bado wapo.

Na kwa punda hilo si jambo dogo. Utafiti wa jenomu, yaani DNA yote ya mnyama, uliotoka 2022 kwenye jarida la Science, uliochukua punda 207 wa sasa na mabaki ya 31 wa kale, ulionyesha punda walifugwa mara moja tu, pande hizi zetu za Afrika Mashariki, miaka kama 7,000 iliyopita, alafu ndo wakasambaa dunia. Yaani sisi tuko karibu na shina. Alafu angalia, sensa ya Kenya ya 2009 ilihesabu punda kama milioni 1.8, ya 2019 ikapata karibu milioni 1.2, katikati hapo ilikuwa ile biashara ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Umoja wa Afrika uliipiga marufuku Februari 2024. Lakini wezi wa punda hawachagui, na hakuna aliyekuwa akiandika ni damu za wapi zilizokwenda.

Haya, wale watoto wa taya fupi. Hilo linaweza kurithiwa, kweli, lakini watoto wawili ni wachache mno kusema kisiwa kizima kina damu moja. Mwulize mwenzako kwanza, baba ni mmoja? Na wale majike wawili ni ndugu, ama mama na mwana? Kama baba ni mmoja, huyo dume apumzishwe, ahasiwe au asikaribie majike ya ukoo ule, na hao watoto wakikua wasizalishwe. Kama baba ni tofauti na mama hawana udugu wowote, hapo mwiteni afisa wa mifugo aangalie meno na taya vizuri. Madhara ya kuzaliana ndugu kwa ndugu mara nyingi hayaonekani kwa macho hivyo, yanaanza kimya kimya, majike wanakaa sana bila kushika mimba, watoto wanakufa wiki za kwanza, na hayo yote mtayaona kwenye daftari kabla hamjaona taya.

Sasa DNA. Siipingi hata kidogo, ndo kazi yangu. Ila ina maswali yake na daftari lina yake. Daftari haliwezi kukwambia baba ni nani punda wanapozurura usiku. Haliwezi kukwambia kama punda wa Lamu na wa Pate ni kundi moja ama mawili, wala kama zamani walipungua sana alafu wakaongezeka. Hapo ndo unapima. Na kabla hujakubali, uliza mradi wanapima kitu gani, manake DNA si kitu kimoja. Wakisema mitokondria, ile DNA ndogo iliyo nje ya kiini cha seli, jua hiyo inapita kwa mama peke yake, itawapa historia nzuri ya asili lakini kuhusu madume wenu haitasema neno, na madume ndo tatizo. Wakisema maikrosatelaiti, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia, hizo ni nzuri na za bei nafuu, FAO ina orodha ya zile zinazopendekezwa kwa wanyama wakuu wa kufugwa, lakini maabara mbili zinaweza kusoma kipande kile kile na kuandika nambari tofauti, kwa hivyo kama miaka kumi ijayo mtapima mahali pengine lazima sampuli kadhaa za zamani zipimwe upya pamoja na mpya, la sivyo mtaona mabadiliko ambayo hayapo. Wakisema alama za herufi moja moja kwenye jenomu, hizo zinalinganishika vizuri zaidi, ila wasije na chipu, yaani kifaa cha kusomea alama hizo, iliyotengenezewa farasi, kwa punda sehemu kubwa ya alama zake hazitofautiani na matokeo yataonyesha punda wenu hawana utofauti kumbe ni kifaa ndo hakiwaoni. Mambo haya yametukuta Afrika kwa ng'ombe pia, alama zimechaguliwa kwa ng'ombe wa Ulaya alafu unawapimia zebu, ng'ombe wetu wa nundu.

Na jambo linaloniudhi zaidi ni mradi unaopima mara moja, unaandika ripoti nzuri yenye rangi, unaondoka. Hiyo ni picha, ufuatiliaji ni albamu. Lazima iwepo ya pili iliyopigwa kwa njia ile ile. Si kila mwaka lakini, punda jike anabeba mimba kama mwaka mzima na anaanza kuzaa akiwa na miaka kadhaa, kwa hivyo kupima DNA kila mwaka ni kutupa pesa, mara moja kwa kizazi inatosha. Katikati hapo daftari linafanya kazi. Na ukilinganisha, usiangalie heterozaigositi peke yake, yaani ile sehemu ya jeni ambazo mnyama amepata nakala tofauti kwa baba na kwa mama. Hiyo hushuka polepole. Idadi ya aleli ndo inaanguka kwanza kundi likipungua ghafla, ukingoja heterozaigositi ishuke ushachelewa.

Mkikubali kutoa nywele, punda 30 hadi 50 wasio ndugu wa karibu ni mwanzo mzuri, na hapo tena daftari ndo litawaambia nani si ndugu ya nani, unaona linavyorudi. Nywele zing'olewe, zisikatwe. DNA nzuri iko kwenye kile kijipu cheupe cha mzizi, ukikata kwa makasi umempelekea maabara uzi mtupu. Shika chache za shingoni ama mkiani, zungushia kidoleni, vuta mara moja kwa nguvu, angalia mizizi ipo, upate kama ishirini thelathini. Weka kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, kwa unyevu huu wetu wa pwani plastiki inatoa jasho na ukungu unakula kila kitu ndani ya siku chache. Andika kwa penseli, wino unamwagika. Bahasha moja punda mmoja, na nambari iwe ile ile ya daftari.

Mikoko, ndio, inayo mambo haya tena sana, na mna jukumu kubwa manake zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu. Shida ya vitalu ninayoiona ni kwamba watu wanaenda mahali ambapo mashua inafika vizuri, wanajaza magunia chini ya miti mitano sita, wanarudi. Miche elfu kumi, mama watano! Ni hesabu ile ile ya punda, miche mingi wazazi wachache, na mbegu za mkoko nyingi huanguka karibu na mama kwa hivyo hata miti iliyo jirani huwa ni ndugu. Kusanyeni kutoka miti thelathini na zaidi, mkiachanisha kama mita 50 ama 100 mti na mti, chache chache kila mmoja, na zichanganywe kabla ya kupandwa. Andikeni zimetoka hori gani. Msibebe mbegu kutoka mbali sana pia bila sababu, chumvi na maji ya Dodori si sawa na ya mahali pengine, mti umezoea kwao. Mkandaa na mchu, aina nyingine za mikoko, vivyo hivyo.

Mwisho ni karatasi, na hapa nataka usikize vizuri. Sampuli za viumbe vyetu hazitoki ovyo. Mtafiti anatakikana awe na leseni ya NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya, kwa rasilimali za jenetiki kuna kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, kwa wanyamapori kuna KWS, shirika la wanyamapori, na zikitoka nje ya nchi kuna mkataba wa kuhamisha sampuli unaosema zitatumika kwa nini na nani atafaidika, na hayo ya kugawana faida yamo pia kwenye Itifaki ya Nagoya ya 2010, mkataba wa dunia. Tena hapa nchini tuna uwezo, ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, wako Nairobi na KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, wana taasisi ya rasilimali za jenetiki kule Muguga, kwa hivyo ukiambiwa lazima ziende ng'ambo uliza kwa nini. Mwambieni huyo kijana awaonyeshe vibali, awaandikie matokeo yatarudi kwenu kwa lugha gani na lini, na nusu ya kila bahasha ihifadhiwe wapi ili kipimo cha pili kiwezekane. Akikosa hizo karatasi, nywele zisitoke, na nyinyi endeleeni na daftari. Orodha ya madume ikiwa tayari nitumie, nikupigie hiyo hesabu.